STROBERI: UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Utangulizi

Katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili tumezoea mashairi, vitendawili, chemsha bongo na insha za kusisimua. Mwaka huu naomba tufunge daftari la ushairi kwa muda mfupi, tuvae gambuti, twende shambani. Kiswahili si lugha ya ushairi peke yake. Ni lugha ya kilimo pia, ya sayansi na ya jikoni.

Mada yetu ni stroberi, lile tunda dogo jekundu lenye umbo la moyo na vijimbegu vilivyotapakaa nje ya ngozi. Wengi wetu tunalijua kwa picha kuliko kwa ulimi. Tumeliona kwenye kikopo cha maziwa ya mtindi, kwenye chupa ya jamu na kwenye karatasi ya peremende. Tena ladha ya hiyo peremende mara nyingi ni ya kiwandani tu, shamba haikulijua kamwe.

Kuna mambo matatu ambayo watu husema juu ya stroberi. Kwanza, ati ni tunda la Wazungu. Pili, ati ni tunda la matajiri. Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, ati ukipanda stroberi utatajirika upesi. Hebu tuyapime madai haya matatu kwa mizani ya historia, ya kilimo na ya lishe. Msomaji akifika mwisho atajiamulia mwenyewe.

Jina na ukoo wake

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wako wanaoliita tunda hili forosadi. La hasha! Forosadi ni tunda la mforosadi, ule mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Stroberi haizaliwi mtini. Huzaliwa na mmea mfupi usiofika hata gotini. Jina lenyewe ni la kukopa, na kukopa neno si aibu. Shati, kabati na baiskeli pia tumekopa. Mmea wenyewe nitauita mstroberi, kwa wingi mistroberi, kama vile tusemavyo mchungwa na michungwa.

Mstroberi ni wa jamii ya waridi. Ndiyo, yale mawaridi ya Naivasha yanayosafirishwa ng'ambo kwa ndege ni binamu zake. Ndugu wengine ni mtufaha, mpea na mplamu, ambayo wenzetu wa Limuru wanaifahamu vizuri. Ukilitazama ua la mstroberi utaona petali nyeupe, kwa kawaida tano, zilizozunguka kitovu cha manjano. Kikumbuke hicho kitovu cha manjano, maana ndicho kitakachobeba hadithi yetu yote.

Historia: safari ya miche mitano

Huko Ulaya tangu zamani za Warumi kulikuwa na stroberi za mwituni. Zilikuwa tamu na zenye harufu nzuri, lakini ndogo mno, kiasi cha ncha ya kidole. Watu waliziokota msituni kama sisi tunavyookota matunda ya porini. Baadaye wakaanza kuihamishia miche ya mwitu bustanini. Mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa, aliyetawala kuanzia 1364 hadi 1380, alipandiwa miche ipatayo 1,200 katika bustani za jumba la Louvre mjini Paris. Lakini hata ikipandwa na mfalme, stroberi ya mwitu ilibaki kuwa ndogo. Mbolea haikusaidia, maji hayakusaidia. Asili yake ilikuwa ndiyo hiyo.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki kulikuwa na mistroberi ya namna nyingine. Upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini ulimea mstroberi wa Virginia, wenye matunda mekundu sana, yenye harufu ya kuvutia. Huu ulifika Ulaya karne ya 17. Na mbali kabisa, katika nchi ya Chile kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki, wenyeji wa huko, Wamapuche na jirani zao, walikuwa wakilima mstroberi wenye matunda makubwa hata kabla Wahispania hawajakanyaga ardhi yao. Vizazi na vizazi vya wakulima hao vilichagua mche mzuri, vikaupanda, vikachagua tena. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho, mikono na subira.

Sasa sikilizeni kisa. Mnamo 1712 mhandisi mmoja Mfaransa, Amédée-François Frézier, alitumwa na mfalme wake kwenda Chile na Peru. Alijifanya mfanyabiashara, kumbe ni mpelelezi! Kazi yake ilikuwa kuchunguza ngome za Wahispania na kuzichora ramani. Alipokuwa Concepción aliona stroberi kubwa ajabu ambazo hajapata kuziona kwao. Mpelelezi akageuka mtunza bustani. Akachagua miche iliyozaa vizuri, akaitia chunguni, akarudi nayo melini.

Safari ya kurudi ilichukua miezi sita hivi. Maji matamu melini yalikuwa ya kupimiwa, na mche hauwezi kungoja mvua katikati ya bahari. Alipotia nanga Ufaransa mwaka 1714 alikuwa amebakiwa na miche mitano tu iliyo hai. Miwili kati ya hiyo alimpa msimamizi wa shehena aliyemruhusu kuinyunyizia maji. Mmoja ukapelekwa kwenye bustani ya mfalme mjini Paris, mmoja akapewa mkubwa wake wa kazi, na mmoja akabaki nao mwenyewe.

Miche ikapandwa, ikatunzwa, ikanawiri na kujaa majani. Lakini matunda hakuna! Mwaka ukapita, miaka ikapita. Watunza bustani wa Ulaya wakaanza kunung'unika kwamba mstroberi wa Chile ni tasa. Mmea uliosafiri miezi sita ukawa pambo tu.

Kumbe sababu ilikuwa ndani ya ua. Mstroberi wa Chile una mimea ya kike na mimea ya kiume. Frézier alipokuwa akichagua, alichagua ile yenye matunda makubwa, na yenye matunda ni ya kike. Ile ya kiume, ambayo haizai lakini hutoa chavua, aliiacha huko huko Chile. Alileta mabibi harusi, akasahau mabwana harusi!

Kwa kubahatisha, wakulima wa eneo la Brest, katika jimbo la Brittany magharibi mwa Ufaransa, walipanda mstroberi wa Chile karibu na ule wa Virginia. Ghafla wa Chile ukaanza kuzaa. Wakulima walifurahi na kuendelea hivyo hivyo, ingawa hawakuweza kueleza ni kwa nini.

Aliyeeleza alikuwa kijana wa rika letu. Jina lake Antoine Nicolas Duchesne, aliyezaliwa mwaka 1747. Mnamo Julai 1764, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alimpelekea Mfalme Louis wa Kumi na Tano chungu cha mstroberi wa Chile uliojaa matunda makubwa. Alikuwa ameyachavusha maua yake ya kike kwa chavua ya aina nyingine ya mstroberi. Mfalme alifurahi, akamruhusu kukusanya aina mbalimbali za mistroberi katika bustani ya Trianon, Versailles. Mwaka 1766 Duchesne alichapisha kitabu kizima kuhusu historia ya mimea hii. Humo alieleza kwamba ile stroberi mpya, kubwa na yenye harufu kama ya nanasi iliyokuwa imezuka katika bustani za Ulaya, ni chotara. Baba yake ni mstroberi wa Virginia, mama yake ni mstroberi wa Chile. Hata jina lake la kisayansi mpaka leo limebeba neno nanasi: Fragaria x ananassa.

Sayansi ya baadaye ilimpa haki. Stroberi ya mwitu ya Ulaya ina kromosomu 14 katika kila seli. Ile ya Virginia ina 56, ya Chile ina 56 vilevile. Kwa kuwa wawili hao walilingana, waliweza kuzaa watoto wenye uwezo wa kuzaa pia.

Basi, je, stroberi ni tunda la Wazungu? Mama yake alilelewa na wakulima wa Chile, baba yake alitoka Amerika Kaskazini, wakakutana Ulaya bila kutarajiwa. Dai la kwanza limeanguka. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tunda hili limeundwa na mikono mingi ya mataifa mengi, na hakuna mwenye hatimiliki yake.

Tunda lisilo tunda

Tuingie kidogo katika somo la Biolojia. Je, mwajua kwamba ile sehemu nyekundu tunayoila si tunda halisi? Tunda halisi kisayansi hukua kutokana na ovari ya ua. Katika stroberi, zile punje ndogondogo zilizo nje, ambazo tunaziita mbegu, ndizo matunda yenyewe. Kila punje ni tunda kamili lenye mbegu moja ndani. Stroberi moja huweza kuwa na punje 200 hivi. Nyama nyekundu ni kile kitovu cha ua, kilichovimba kikazibeba punje zote mgongoni.

Hili si jambo la kufurahisha darasa tu, lina maana kubwa kwa mkulima. Kila punje iliyochavushwa hutoa kichocheo kinachoiamuru nyama iliyo jirani yake ivimbe. Mtafiti Jean Nitsch alilithibitisha hilo mwaka 1950. Alipoondoa punje zote, nyama haikuvimba. Alipoacha chache, nyama ilivimba pale tu zilipobaki. Kwa hiyo ukiona stroberi iliyopinda, nene upande mmoja na iliyosinyaa upande wa pili, usiseme imerogwa. Upande uliosinyaa haukupata chavua ya kutosha.

Na nani huleta chavua? Mistroberi ya siku hizi kwa kawaida ina viungo vya kike na vya kiume katika ua moja, na upepo husaidia. Lakini mfanyakazi hodari kuliko wote ni nyuki. Anayepulizia dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini anajikata mguu mwenyewe. Atapata matunda yaliyopinda, kisha atailaumu mbegu.

Jinsi ya kulima

Haya, tushike jembe. Stroberi hupenda baridi ya wastani, nyuzi 15 hadi 25 hivi mchana. Kwetu Kenya hustawi katika nyanda za juu kama Limuru, Nyandarua, Nyeri, Molo na Timau. Huko Ulaya mistroberi ya kawaida hungoja siku zifupike na baridi iingie ndipo iunde maua, kwa hiyo huzaa kwa msimu. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Ndiyo maana penye baridi ya kutosha na maji ya kutosha, mstroberi wetu waweza kuchanua na kuzaa sehemu kubwa ya mwaka. Aina moja inayopandwa sana hapa nchini ni Chandler, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha California.

Zifuatazo ni hatua muhimu, pamoja na sababu ya kila hatua.

1. Kuchagua mahali. Tafuta pahali penye jua na udongo usiotuamisha maji, wenye asidi kidogo (pH 5.5 hadi 6.5). Usipande mahali palipotoka tu viazi, nyanya, pilipili au biringanya. Mimea hiyo huacha udongoni kuvu wa mnyauko ambao hushambulia mstroberi pia. Wenzetu wanaotoka sehemu za viazi walitie jambo hili akilini.

2. Kutengeneza tuta. Inua tuta sentimita 15 hadi 20 ili maji ya ziada yateremke. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

3. Kupanda. Acha sentimita 30 hivi kati ya mche na mche. Hapa ndipo wengi hupotelea. Kile kichwa cha mche, yaani pale majani yanapochipukia, kiwe sawasawa na uso wa udongo. Ukikifukia kitaoza. Ukikiinua juu mno, mizizi itakauka. Mpande jioni au siku ya mawingu, kisha mwagilia.

4. Kutandaza. Weka nyasi kavu au karatasi nyeusi ya plastiki juu ya tuta. Matandazo huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na hufanya tunda lisilale udongoni likaoza.

5. Kumwagilia. Mizizi ya mstroberi haiendi chini sana, basi huhisi kiu upesi. Maji kidogo mara kwa mara ni bora kuliko mafuriko mara moja. Mimina kwenye shina, au tumia mipira ya matone. Maji yanayokaa juu ya majani na matunda hualika ukungu.

6. Kuondoa maua ya kwanza. Inauma, najua! Lakini mche mchanga ukizaa kabla haujajenga mizizi utabaki mdhaifu. Kata maua ya mwanzo, nao utakulipa baadaye.

7. Kuangalia vitambazi. Mstroberi hutoa vijishina virefu vinavyotambaa juu ya ardhi. Kila kimoja hubeba mtoto mwenye majani na mizizi yake. Ukitaka matunda, vikate. Ukitaka miche, viache viote, lakini kata maua. Mshika mawili moja humponyoka. Chagua mama mwenye afya tu, kwa sababu maradhi ya mama hurithiwa na watoto wake wote.

Ukilipanda leo, tunda la kwanza laweza kupatikana baada ya miezi mitatu hivi. Toka ua kufunguka hadi tunda kuiva ni kama mwezi mmoja. Baada ya miaka miwili au mitatu mmea huchoka, hivyo yafaa upande mipya, tena kwenye tuta jingine.

Maadui wa stroberi

Tunda tamu lina marafiki wengi. Ndege hulidonoa, kwa hiyo funika tuta kwa wavu. Konokono wasio na nyumba mgongoni hulitafuna usiku. Watafute kwa tochi uwaokote. Vidukari hufyonza majani na hueneza virusi. Utitiri mwekundu hukaa chini ya jani wakati wa kiangazi, nalo jani hugeuka rangi ya shaba. Maradhi yanayojulikana zaidi ni ukungu wa kijivu, ambao hulivisha tunda manyoya kama ya panya. Huletwa na unyevu na msongamano. Dawa yake ya kwanza si chupa ya dukani. Ni kupanda kwa nafasi, kuondoa majani yaliyokufa na kutupa mbali matunda yaliyooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikibidi kutumia dawa, soma maandishi kwenye kibandiko na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Tukumbuke kwamba stroberi haina ganda la kumenya kama ndizi au chungwa. Kilichopuliziwa juu yake ndicho kinachoingia kinywani mwa mtoto. Mkulima anayepulizia leo na kuuza kesho anajua anachokifanya, na ajue pia kwamba ni dhambi kwa jirani.

Kuvuna

Stroberi haivunwi mbichi ikaivia kabatini kama ndizi. Ikishachumwa, utamu hauongezeki tena. Basi ngoja iwe nyekundu vizuri. Vuna alfajiri umande ukishakauka lakini jua halijawa kali. Shika kikonyo, usishike tunda, kisha kata ukiacha vile vijani vya juu. Weka kwenye chombo kifupi, maana zikilundikwa zitapondana. Usizioshe mpaka saa ya kula. Bila jokofu hazimalizi siku mbili kabla hazijaanza kuharibika.

Hapo sasa ndipo dai la tatu, lile la utajiri wa haraka, linapovunjika mguu. Wako wachuuzi wa miche wanaopita vijijini na hesabu nzuri karatasini: miche kadhaa, kilo kadhaa, shilingi kadhaa, na kesho gari! Hesabu hiyo haisemi tunda linaoza baada ya siku mbili. Haisemi mnunuzi ni nani na yuko wapi. Haisemi kwamba mche wa bei rahisi huenda umebeba maradhi. Mzazi akitumia karo ya muhula kununua miche elfu kabla ya kujua soko, anayeumia ni mtoto wake aliye darasani. Ushauri wangu ni huu: mtu aanze na tuta moja, ajifunze, atafute wateja watatu au wanne wa karibu, halafu ndipo aongeze. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida yake mwilini

Gramu 100 za stroberi, yaani kama tunda 8 za wastani, zina gramu 91 hivi za maji na kalori 32 tu. Sukari yake ni gramu 5 hivi na nyuzinyuzi gramu 2. Nyuzinyuzi hizo husaidia chakula kupita vizuri tumboni. Kuna pia potasiamu miligramu 150 hivi, manganizi, na foleti, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu na ambayo akina mama wajawazito huihitaji sana.

Lakini sifa yake kubwa ni vitamini C. Gramu hizo 100 zina miligramu 59 hivi. Shirika la Afya Duniani limependekeza takriban miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha na kubaki. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Tukiikosa kwa muda mrefu tunapata kiseyeye, ugonjwa wa kutokwa na damu kwenye ufizi, uliowaua mabaharia wengi zamani. Tena vitamini hii husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani. Mtu anayekula githeri kisha akala tunda lenye vitamini C anafaidi githeri yake zaidi.

Sasa tuseme kweli. Chungwa lina miligramu 53 hivi kwa gramu 100, halijaachwa mbali. Na pera letu, hili tunalolichuma njiani tukitoka shule, lina zaidi ya 200! Kwa hiyo asiyekuwa na stroberi asijione maskini wa vitamini. Mwenye mpera nyumbani ana duka la dawa uani. Stroberi ni nyongeza nzuri, si muujiza. Na jamu je? Moto huharibu sehemu ya vitamini C, na sukari huwa nyingi, basi jamu ni kitoweo cha mkate na si badala ya tunda. Pia wako watu wachache ambao miili yao haipatani na stroberi, wakila huwashwa au huvimba midomo. Hao wasilazimishwe.

Hitimisho

Limebaki dai la pili, la matajiri. Sokoni ni kweli bei yake huwatisha wengi, na sababu tumeiona: huoza upesi na hutaka mikono mingi. Lakini mmea wenyewe haubagui. Debe kuukuu lililotobolewa chini, likajazwa udongo na samadi, hutosha mche mmoja au miwili. Sufuria iliyotoboka hufaa. Gunia hufaa.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 6, lenye mistari mitatu, huchukua miche 60 kwa nafasi ya sentimita 30. Mche mama wenye afya waweza kutoa watoto zaidi ya 10. Mama watano wakitoa watoto 12 kila mmoja, tuta limejaa bila kununua mche wa sita. Nyuma ya madarasa yetu pana ardhi ya kutosha matuta mengi kama hayo. Wanachama wa Kiswahili wakishirikiana na wale wa somo la Kilimo, hilo si jambo la kushindwa. Mazao ya kwanza wapewe wagonjwa wa sanatoria ya shule.

Wakulima wa Chile walikuwa na subira. Wakulima wa Brest walikuwa na bahati. Kijana Duchesne alikuwa na swali: kwa nini mmea huu hauzai? Swali hilo moja lilifungua mlango ambao wakubwa walikuwa wamesimama nje yake kwa miaka 50. Nasi tuna maswali yetu, shuleni na mashambani kwetu. Tusione haya kuyauliza.

Msamiati

Chavua: unga wa manjano wa ua unaorutubisha.
Chotara: mzaliwa wa aina mbili tofauti.
Kiseyeye: ugonjwa wa ufizi unaoletwa na ukosefu wa vitamini C.
Kitambazi: kijishina kinachotambaa na kutoa mche mpya.
Matandazo: nyasi au kitu kingine kinachofunika udongo.
Samadi: mbolea ya kinyesi cha mifugo.

Zoezi

1. Kwa nini miche ya Frézier haikuzaa matunda ilipopandwa peke yake?
2. Eleza tofauti kati ya stroberi na forosadi.
3. Ni sehemu gani ya stroberi iliyo tunda halisi? Toa sababu.
4. Mkulima ana matunda yaliyopinda upande mmoja. Mshauri.
5. Tunga sentensi ukitumia methali "Mshika mawili moja humponyoka" kuhusu kilimo cha stroberi.
6. Jadilini katika makundi: je, ni haki kuuza tunda lililopuliziwa dawa jana?